Daftari la Baba Mdogo

Mwaka jana binti yangu, mwenye duka la nguo na vyombo pale Kibondo mjini, alikuja na kompyuta yake hapa Kumsenga akaniomba nimsaidie kutunga barua. Haikuwa barua ya mtu mmoja. Ilikuwa ya kupelekwa kwa wateja wake wote kwa mpigo mmoja: wengi kwa ujumbe wa simu, na wale walimu, wauguzi na watumishi wa mashirika yanayohudumia wakimbizi, ambao wana anwani za barua pepe, kwa njia hiyo. Alitaka Kiswahili kilichonyooka, kwa kuwa vijana wanaomsaidia dukani huandika maneno ya mkatomkato. Nikavaa miwani. Nikamwambia kwanza anionyeshe orodha, maana nimewahi kuwa karani, na karani haandiki barua kabla hajajua inakwenda kwa nani.

Majina yalikuwa mia nne na ushei. Nilipofika katikati nikaona jina la mwalimu mmoja ambaye mimi mwenyewe nilisaidia kubeba jeneza lake miezi mitano nyuma. Nikamwuliza, "Mama, huyu naye mnampelekea?" Akanyamaza. Kisha akafungua mahali pengine, tukasoma pamoja maneno yaliyokuwa yamekwenda kwenye simu ile mwezi uliotangulia: "Mteja wetu mpendwa, siku nyingi hatujakuona dukani. Umetusahau?" Simu ile sasa anayo mjane.

Usiku ule sikupata usingizi. Kosa la binti yangu lilikuwa la bahati mbaya, na kesho yake alikwenda kwa yule mama kuomba radhi. Lililoninyima usingizi ni kwamba orodha ile ilinikumbusha nyingine mbili ninazozijua vizuri: moja aliyoiandika baba yangu mdogo, na moja niliyoiandika mimi.

Ndugu msomaji, watu wa Buha hawakuanza biashara jana. Chumvi ya Uvinza ilikuwa ikisafiri nchi hizi zote, na kuvuka hadi ng'ambo ya ziwa, kabla ya Mjerumani kufika. Katika soko la Ujiji, karne ya 19, bei zilihesabiwa kwa shanga zilizoitwa sofi. Lakini duka, yaani nyumba yenye meza, rafu na mtu anayekungoja wewe uje, lilikuwa jambo la wageni kwa muda mrefu. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 bidhaa ziliongezeka, na Wahindi na Waarabu wakafungua maduka katika miji midogo. Sisi wa milimani tuliyaona maduka hayo tukiwa tumesimama nje.

Kilichotuingiza ndani ni mkonge. Wakoloni waliifanya nchi yetu kuwa ghala la vibarua. Wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kuajiri, SILABU, mwaka 1944, na Kasulu na Kibondo zikatoa vijana kwa maelfu waende Tanga na Morogoro. Waliitwa manamba, kwa sababu shambani mtu alijulikana kwa namba yake. Baba mdogo alikuwa mmoja wao. Namba yake aliikumbuka mpaka anakufa, na akiulizwa aliitaja kwa sauti ya nyapara, halafu anacheka peke yake. Alirudi na cherehani, baiskeli na fedha kidogo. Miaka michache baada ya Uhuru akafungua duka.

Lilikuwa duka la chumba kimoja. Chumvi, kiberiti, mafuta ya taa ya kupima kwa kibaba, majembe, khanga, amerikani, na miche ya sabuni aliyoikata vipande. Ukutani alikuwa ameandika kwa chaki: LEO TASLIMU KESHO MKOPO. Hilo lilikuwa tangazo lake pekee, na hakulifuata hata siku moja. Chini ya meza lilikuwako daftari la kurasa nyingi, na kila nyumba ilikuwa na ukurasa wake. Watu walikopa wakati wa kulima na kulipa wakati wa maharage, au walipovuna asali. Pembeni ya deni aliandika mambo ambayo karani wa leo angeyaona ya ajabu: mtoto wa fulani anaugua, fulani amekwenda kwa shemeji yake Muhinda, atarudi, huyu usimdai mbele ya mkewe. Mnunuzi aliamkiwa kwanza, kwa makofi ya polepole kama ilivyo desturi yetu, akaulizwa habari za nyumbani, na akiondoka alipewa nyongeza, pengine punje chache za chumvi. Sisemi kwamba alikuwa malaika. Mizani yake niliifahamu, na ilikuwa na tabia ya kumpendelea mwenyewe. Lakini aliwahitaji wale watu na wao walilijua hilo, kwa hiyo walisemezana kwa uhuru.

Kisha likaja jambo la kuhamia vijijini. Mkoa wa Kigoma ulikuwa miongoni mwa ya kwanza kuendeshewa operesheni, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na nyumba zilizotawanyika mabondeni zikapangwa kwa mistari kando ya barabara. Baba mdogo alihamisha duka lake pamoja na watu. Halafu mwanzoni mwa mwaka 1976, Rashidi Kawawa akiwa Waziri Mkuu, likatoka agizo kwamba maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe na nafasi yake ichukuliwe na maduka ya kijiji. Iliitwa Operesheni Maduka. Nia yake naielewa hata leo; walanguzi hawakuwa hadithi tu. Baadaye agizo lililegezwa, lakini baba mdogo alikuwa amekwisha kufunga. Vitu vyake vilihesabiwa, akalipwa kiasi, akarudi kwenye cherehani. Daftari hakuna aliyelitaka. Alilifunga kwa kitambaa akaliweka darini.

Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba na mwandiko wangu ulisifiwa. Mwaka 1979 nikateuliwa karani wa duka la kijiji.

Miaka ile haina haja ya kuelezwa sana kwa waliokuwapo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vilianza mwaka uliofuata, mafuta yalipanda bei, viwanda vikakosa malighafi. Bidhaa zilitoka Kampuni ya Biashara ya Mkoa, zikafika wilayani, na zilizobaki zikaja kwetu, mwisho wa barabara. Nikaandika orodha yangu. Ilipangwa kwa mabalozi wa nyumba kumi, kaya kwa kaya, idadi ya watu, na safu ya alama: sukari nusu kilo, sabuni kipande, ndiyo au hapana. Hakukuwa na habari za mtoto anayeugua. Hata lugha yetu iligeuka. Hatukusema tena kwamba tunauza sukari. Tulisema tunagawa, ingawa watu walilipa fedha zao halali. Tuliwaita ndugu, tukawasimamisha juani tangu alfajiri. Nilikuwa kijana wa miaka kama ishirini na wazee wenye mvi walinipigia makofi ya salamu nikiwa nimekaa, nami sikuinuka.

Mwaka 1982, mwezi wa masika, jirani yetu mmoja alifiwa na mumewe. Alikuja dukani jioni, peke yake, akaomba amerikani ya sanda. Robota moja lilikuwapo. Lilikuwa ndani ya gunia, chini ya benchi nililokalia, kwa maana mkubwa mmoja alikuwa ameagiza liwekwe mpaka gari lake lipite. Nikamwambia hakuna. Akaniuliza kama ninaweza kutazama tena. Nikajifanya kutazama kwenye rafu, ambayo ilikuwa tupu na sote wawili tuliiona, nikasema tena hakuna. Akashukuru. Mumewe alizikwa katika blanketi alilokuwa akijifunika, nami nilikuwa mmoja wa waliochimba kaburi.

Mwaka uliofuata, 1983, Edward Sokoine alipoongoza msako wa wahujumu uchumi, nchi nzima ilitetemeka. Watu walitupa sabuni mtoni wasikutwe nazo. Mimi nilikosa usingizi nikiwaza kwamba yule mama atanitaja. Wakaguzi walikuja, wakahesabu magunia matatu ya chumvi, wakaondoka. Hakuna aliyeniuliza juu ya kitambaa, na kwa aibu nakiri kwamba nilifurahi.

Bajeti ya mwaka 1984 ndiyo iliyofungua mlango. Wenye fedha zao za kigeni waliruhusiwa kuingiza bidhaa bila kuulizwa walizipata wapi. Mwaka 1985 Mzee Ali Hassan Mwinyi akawa Rais, watu wakamwita Mzee Ruksa, na mitumba ikafika hadi kwetu. Duka la kijiji likafa bila mazishi. Siku moja nilifungua asubuhi, hakuna aliyekuja, jioni nikafunga. Mwaka 1986 baba mdogo akapaka chokaa chumba chake, akanichukua nimsaidie mezani, akashusha daftari kutoka darini.

Nilidhani ni kwa ajili ya kumbukumbu. Lakini watu walianza kuja kulipa. Madeni ya miaka kumi, ndugu msomaji, ambayo hakuna mahakama ingeyadai. Si wote; wengine walipita njia nyingine mpaka leo. Shilingi ilikuwa imeshuka thamani vibaya sana mwaka ule, kwa hiyo deni lililokuwa la maana mwaka 1976 sasa halikununua hata kiberiti cha kutosha. Wengine waliongeza kikapu cha maharage. Baba mdogo alipokea shilingi zilizoandikwa, si zaidi, akachora mstari kwa wino mwekundu.

Yule mama alikuja siku ya soko. Nilikuwa mezani peke yangu, baba mdogo yuko uani. Nikainuka nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu," akasema, akafungua fundo la khanga na kutoa shilingi sita za mafuta ya taa, deni la marehemu mumewe. Nilipokea. Nilikuwa na neno la kusema, na hapakuwa na mtu mwingine, lakini nilimwita baba mdogo aje kuchora mstari.

Yaliyofuata nayapitia upesi. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, Warundi walivuka mpaka kwa makundi makubwa, kambi zikajengwa, na wilaya yetu ikajaa magari, mashirika na wanunuzi wenye mishahara. Baba mdogo hakuuona mwisho wa miaka ile. Simu za mkononi zilitufikia kwa kuchelewa, kisha mwaka 2008 ikaja M-Pesa, na muuzaji akawa na jina na namba ya kila anayemlipa bila hata kuuliza. Hapo ndipo orodha ya binti yangu ilipozaliwa. Tumerudi kuwa manamba, nilimtania, hakucheka.

Nimesoma kwamba tangazo la kwanza la kupelekwa kwa watu wengi kwa barua ya kompyuta lilitumwa Marekani tarehe 3 Mei 1978 na Gary Thuerk, mwuza kompyuta wa kampuni ya Digital Equipment Corporation. Liliwafikia watu wapatao mia nne, karibu sawa na orodha ya binti yangu. Wengi walikasirika na kulalamika, lakini kompyuta zilinunuliwa, na kwa kuwa zilinunuliwa mtindo haukufa. Hapa kwetu, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakataza kumpelekea mtu matangazo ambayo hakuyaridhia, na inataka apewe njia ya kuyakataa. Mwaka 2022 ikatungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ikaanza kazi Mei 2023. Binti yangu hakuwa amezisikia zote mbili.

Tulibishana siku mbili. Nilitaka afute kila mtu ambaye hakumwomba ruhusa. Alinijibu kwamba nikifuta hao nitamwachia shangazi zake na mchungaji, na kwamba duka la jirani linapeleka ujumbe kila Ijumaa. "Baba," aliniambia, "wewe ulikuwa unauza wakati hakuna kitu. Watu wangekwenda wapi?" Hilo sikuweza kulijibu. Mwishowe tukaandika barua fupi. Inataja duka, inasema shuka mpya na sufuria zimefika, inamwambia msomaji namna ya kujitoa kwa kujibu neno moja. Tukaondoa "mpendwa." Wakajitoa watu kumi na wanane, na waliokuja dukani kwa sababu ya barua walizidi thelathini. Sasa kijana mmoja ana kazi, kila msiba ukitangazwa, ya kufungua orodha.

Nilipomaliza kuandika kurasa hizi nilimpa binti yangu azisome kabla ya kuzipeleka kwa mpiga chapa. Alisoma kimya. Kisha akaniuliza kama yule mama nilikuja kumwambia baadaye. Nikamjibu kwamba alifariki mwaka 1998 na sikuwa nimemwambia. Akaomba aone daftari. Nikalishusha, tukalifungua kwenye ukurasa wa nyumba yao: mafuta ya taa, shilingi sita, mstari mwekundu, na pembeni, kwa mwandiko wa baba mdogo, "Amelipa mwenyewe. Kijana alishindwa kumtazama."

Tangu mwaka 1986 sikuwa nimeufungua ukurasa ule.