Mashindano Yasiyo na Kombe: Safari Rally na Barabara ya Kwetu

Ndugu wana-Mkunya, mlioko nyumbani na mlioko mbali,

Kamati imeniomba niandike historia ya barabara, kwa kuwa mchango wa mwaka huu unakwenda kwenye barabara. Naomba mniruhusu nianzie mbali kidogo, kwenye mashindano ya magari ambayo sisi tuliokuwa watoto miaka ya sitini tuliyajua kwa redio tu. Ikifika Pasaka, wakubwa walikusanyika penye redio, na sisi tulikimbiza magari yetu ya mianzi yenye magurudumu ya kandambili zilizokatika. Kila mmoja wetu alitaka gari lake liitwe Peugeot. Sababu yake nitaieleza.

Mashindano hayo yalianza mwaka 1953. Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza alikuwa anatawazwa tarehe 2 Juni, na wapenda magari wa Nairobi wakaamua kuadhimisha siku hiyo kwa kuendesha magari kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, kuanzia tarehe 27 Mei hadi 1 Juni. Waliyaita Safari ya Kutawazwa ya Afrika Mashariki. Mwaka 1960 habari ya kutawazwa ikaondolewa kwenye jina, ikabaki Safari ya Afrika Mashariki.

Hapakuwa na uwanja wala njia iliyofungwa. Magari yalipita barabara zilezile za mabasi, malori na ng'ombe. Dereva alikuwa na mwenzake wa kusoma ramani na saa. Kila kituo kilikuwa na muda wake, na aliyechelewa alihesabiwa pointi za adhabu. Mwanzoni magari yaligawanywa kwa bei yake dukani, na yalitakiwa yawe kama yale ambayo mtu yeyote angeweza kuyanunua. Kwa hiyo gari dogo la Volkswagen, lile lenye mgongo wa kobe, lilishindana kwa haki. Mwaka 1954 ndilo lililoshinda, likiendeshwa na Vic Preston na D. P. Marwaha.

Baadaye mashindano yakawekwa wakati wa Pasaka, ambao huwa ni wakati wa mvua. Mwenye kujua tope la Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa zaidi. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 na yakamaliza saba tu. Mshindi mwaka ule alikuwa Nick Nowicki na mwenzake Paddy Cliff, kwa Peugeot 404. Mwaka 1968 mvua ilirudi kwa nguvu, yakamaliza tena magari saba, na walioshinda ni Nowicki na Cliff haohao, kwa Peugeot 404 tena.

Kwa sisi wa Tanzania, miaka ya kukumbukwa ni 1966 na 1967. Miaka yote miwili alishinda Bert Shankland, pamoja na Chris Rothwell, kwa Peugeot 404. Shankland alikuwa mzaliwa wa Uskoti, lakini aliishi na kufanya kazi Dar es Salaam, na redio ilipomtaja tulimhesabu wa kwetu. Ndiyo maana magari yetu ya mianzi yote yalikuwa Peugeot. Kenya nao walikuwa na Joginder Singh, fundi wa magari mzaliwa wa Kericho, aliyeshinda mwaka 1965 na ndugu yake Jaswant kwa Volvo iliyokwisha kutumika. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976.

Viwanda vikubwa vya Ulaya na Japani vilileta madereva wao maarufu, mafundi na vipuri vya kila namna. Hata hivyo, kwa miaka karibu ishirini hakuna dereva kutoka ng'ambo aliyeshinda. Wa kwanza alikuwa Hannu Mikkola wa Finland, mwaka 1972. Kabla yake walishinda wakazi wa hapahapa, waliojua mto gani hujaa jioni, udongo gani hukauka upesi na mlima gani haupandwi baada ya mvua.

Lakini tukisoma orodha ya washindi kuanzia 1953 hadi 1973, tunakuta walowezi wa Kizungu na wenzetu wa asili ya Kiasia. Jina la Mwafrika mweusi halimo. Gari la mashindano lilitaka fedha, na fedha haikuwa mikononi mwetu. Waafrika walikuwepo pembeni ya barabara. Gari liliponasa kwenye tope, wanakijiji walishuka wakaingia topeni, wakakata matawi, wakalitia mabega na kulisukuma mpaka likatoka. Magari mengi yaliyofika mwisho yalifika kwa mabega ya watu ambao hakuna karatasi iliyoandika majina yao.

Basi, na sisi wa uwanda wa Makonde tulikuwa wapi?

Njia za Safari hazikuja Newala wala Masasi. Kusini tulikuwa na historia nyingine. Mwaka uleule wa 1953 bandari ya Mtwara ilikuwa inakaribia kumalizika, nayo ilifunguliwa 1954. Bandari hiyo pamoja na reli ya kwenda Nachingwea vilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, na mradi wenyewe ulikwisha kuanguka mwaka 1951. Reli ilifika Masasi baadaye, lakini ilifungwa mwaka 1962, kisha ikang'olewa. Nchi ilipokuwa changa katika uhuru wake, sisi tulipoteza treni. Kilichobaki ni barabara ya mchanga. Tena kuanzia 1964 hadi 1974, ng'ambo ya Ruvuma, kule tunakokutazama tukisimama Shimo la Mungu, kulikuwa na vita vya ukombozi wa Msumbiji.

Kwa hiyo sisi tulikuwa na mashindano yetu, ya kila mwaka na yasiyo na kombe. Korosho huvunwa kuanzia Oktoba, na mvua huanza kabla hazijaisha kusafirishwa. Lori la magunia lilipopanda kutoka upande wa Masasi, utingo alitembea nyuma na kigogo mkononi, tayari kukiweka chini ya tairi. Likinasa, magunia yalishushwa moja moja, lori likasukumwa, kisha magunia yakapandishwa tena. Kwenda Dar es Salaam ilikuwa mtihani zaidi. Ulingojea pantoni Rufiji, na ukivuka salama ulikuwa bado na mchanga na tope la kati ya Ndundu na Somanga.

Sisemi haya kwa kusimuliwa. Mwaka mmoja wa mvua nyingi shangazi yangu alishikwa na uchungu usiku. Alipakiwa kwenye lori la korosho, kwa kuwa ndilo gari pekee lililokuwepo. Lilinasa mlimani. Wanaume walishusha magunia na kusukuma mpaka alfajiri, na mtoto akazaliwa pembeni ya barabara, chini ya turubai, mikononi mwa bibi mmoja aliyekuwa abiria. Mama na mtoto walipona. Wengine wa kwetu hawakupona, na kila familia inayosoma ukurasa huu inawajua wake.

Safari Rally nayo ilibadilika. Mwaka 1973 iliingizwa katika ubingwa wa dunia. Kuanzia 1974 njia yake yote ikawa ndani ya Kenya, na miaka mitatu baadaye Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ikavunjika.

Barabara za kwetu zilichelewa, lakini zimekuja. Daraja la Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003 na kupewa jina la Mkapa, mtoto wa Lupaso, Masasi, aliyekuwa Rais wakati ule. Na lami ya Mtwara hadi Masasi kupitia Tandahimba na Newala, tuliyoahidiwa tangu wengine wetu hatujaota ndevu, sasa tunaiona kwa macho. Kipande cha Mtwara hadi Mnivata ndicho kilichotangulia, ukafuata mradi wa kilomita 160 kutoka Mnivata hadi Masasi, pamoja na daraja la Mwiti.

Tushukuru, lakini tusijidanganye. Barabara kuu ni ya TANROADS na barabara za wilaya ni za TARURA. Njia ya kutoka kitongojini hadi barabarani, ile ya mita mia chache yenye korongo linalopanuka kila masika, haimo kwenye ramani ya mtu yeyote. Ni yetu. Lami inaweza kupita karibu kabisa na nyumba ya mama mjamzito, na bado akabebwa kwa machela kuifikia.

Katika ukurasa wa makisio mtaona kamati inaomba fedha za makaravati, mawe na changarawe. Nguvu kazi itatoka kwa walioko nyumbani, kama ilivyo desturi. Sisi tulioko mbali hatuwezi kuja kuchimba mtaro kila Jumamosi, ila tunaweza kununua karavati.

Wale waliosukuma magari ya Safari hawakuuliza dereva ni nani wala atapata nini. Gari lilinasa mbele yao, wakaingia topeni. Zamu hii aliyenasa ni wa kwetu, na mlima tunaujua kwa jina. Bahasha imo katikati ya kijarida hiki. Tafadhali usiirudishe tupu.