Nyumbu wa Kitengela: Kundi Lililozibiwa Njia

Desemba 16, 2026, Mbuga ya Taifa ya Nairobi itatimiza miaka 80. Hotuba hazitakosekana, na ile picha ya simba mbele ya maghorofa itasambazwa tena. Lakini mwenye hesabu ya kudai ni nyumbu. Mwaka wa 1978 nyumbu wahamao wa uwanda wa Athi-Kaputiei, unaoanzia mbugani na kuendelea kusini, walizidi 30,000. Kufikia 2011, kwa mujibu wa utafiti wa Joseph Ogutu na wenzake, hawakufika 5,000.

Bunduki pekee haielezi anguko hilo, kwani uwindaji ulipigwa marufuku nchini 1977. Helen Gichohi, katika tasnifu yake ya uzamifu ya mwaka 1996, aliutazama uwanda huu kama mwili uliokatwa viungo. Mbuga ina kilomita 117 za mraba. Uwanda wote unazidi 2,000. Kiangazi, nyumbu huingia mbugani kufuata maji ya Mto Mbagathi na mabwawa. Mvua ikinyesha, hutoka kwenda Kitengela na Isinya, kwenye nyasi fupi zenye madini, na huko majike huzaa. Jike huzaa ndama mmoja tu kwa mwaka. Ndama wakikosa malisho hayo, vifo hupita uzazi na kundi hupungua hata kama hakuna anayewinda.

Serengeti inaonyesha upande wa pili. Sotoka ilipoacha kuua ndama, nyumbu waliongezeka kutoka kama 250,000 mwaka 1961 hadi milioni 1.3 mwaka 1977, kisha wakasimama hapo: nyasi za kiangazi hazikutosha zaidi. Huko kikomo kimewekwa na mvua. Huku Kajiado, kaunti yenye Kitengela na Isinya, tumekiweka sisi, kwa seng'enge.

Kisa cha mbuga ya Nairobi kilianza kwa hila. Miaka ya 1930, Mervyn Cowie, mhasibu mzaliwa wa Nairobi, alichoka kuiomba serikali ya kikoloni itenge hifadhi. Akaandika barua kwa gazeti la East African Standard, akajiita "Old Settler", yaani mlowezi mkongwe, akidai wanyamapori wote wauawe ili nchi ibaki ya kilimo. Wasomaji waliwaka. Barua za hasira zilimiminika kumlaani mzee huyo katili, wasijue kwamba wanamlaani mtetezi mkuu wa wanyama. Kelele zile zilimpa alichotaka: serikali iliunda kamati, Vita vya Pili vya Dunia vikachelewesha mambo, na 1946 mbuga ikatangazwa, Cowie akawa mkurugenzi wa kwanza wa mbuga za taifa.

Wenye mifugo hawakuandika barua gazetini. Wasomali na Wamaasai waliolisha ng'ombe katika eneo hilo waliondolewa. Mpaka wa kusini, kando ya Mbagathi, ukaachwa bila ua ili wanyama wapite, lakini hakuna sheria iliyolinda nchi iliyokuwa ng'ambo. Ulinzi wa nusu ya pili ya maisha ya nyumbu uliachiwa ustahimilivu wa Mmaasai, naye alikuwa na gharama zake: ndama wa nyumbu huambukiza ng'ombe ugonjwa unaoua, hivyo wafugaji walilazimika kuhamisha mifugo kutoka malisho mazuri kila msimu wa kuzaa.

Kisha ardhi ya Wamaasai yenyewe ikabadilika: sheria ya 1968 ilileta ranchi za pamoja. Ranchi ya Kitengela iligawanywa 1988, kila mwanachama apate hati yake, jambo ambalo hakuna wa kulaumiwa kwalo. Miaka michache baadaye viwanda vya EPZ, yaani eneo la kuzalisha bidhaa za kuuzwa nje, vilifunguliwa Athi River, wafanyakazi wakahitaji nyumba, na ekari zikawa ploti. Upande wa magharibi, Matasia, Kiserian na Ongata Rongai zilijaa vivyo hivyo, zikaitenga mbuga na vilima vya Ngong.

Mwaka 2000 ulianza mpango wa kumlipa mwenye shamba dola 4 kwa ekari kila mwaka asiweke ua, asiuze wala asilime. Malipo yalikuja kwa awamu tatu, kulingana na mihula ya shule. Familia nyingi zilijiunga, kisha fedha za wafadhili zikakauka. Tangu hapo tumeona reli ya SGR ikipita juu ya mbuga, mapendekezo ya kuziba mpaka wa kusini, na ukame wa 2022, ambapo nyumbu 512 walihesabiwa wamekufa nchini kati ya Februari na Oktoba, wengi kuliko spishi nyingine yoyote katika orodha ya serikali.

Mbuga haiwezi kutunza nyumbu peke yake, na mwenye ploti Kitengela hawezi kudaiwa kuwalisha bure. Serikali inayokusanya ada langoni ina wajibu wa kumlipa yule ambaye shamba lake ndilo linalozalisha wanyama wanaotazamwa. Maadhimisho yasiyotaja malipo hayo yatakuwa sherehe ya nusu mbuga.