Wimbo wa Filimbi wa Kukariri

Mwanafunzi wa Kizwite, mjini Sumbawanga, atakaye kushindana kwa filimbi peke yake, hana budi kwanza kuchagua wimbo mmoja, kisha kuuweka moyoni mpaka aweze kuupiga bila karatasi. Jambo hili laonekana dogo. Walakini wimbo uliokaririwa kwa miezi hautoki upesi vidoleni. Kwa hiyo yafaa tuulize uchaguzi huu zamani ulikuwa wa nani.

Ufaransa haukuwa wa mwanafunzi. Katika chuo cha muziki cha Paris, zama za Paul Taffanel, aliyeanza kufundisha filimbi pale mwaka 1893, wimbo mmoja uliwekwa kila mwaka kwa washindani wote. Gabriel Fauré alitunga wa mwaka 1898, Cécile Chaminade wa mwaka 1902, George Enescu wa mwaka 1904. Fauré alitunga pia kipande kifupi ambacho washindani walikiona mara ya kwanza siku ile ile ya mtihani, ili ajulikane asomaye noti na aliyekariri tu. Kwa maoni yangu hila hiyo ilikuwa ya haki. Wala kukariri hakukusifiwa siku zote: mwaka 1837 Clara Wieck, aliyeitwa baadaye Clara Schumann, alipopiga piano Berlin bila karatasi mbele yake, walikuwako waliomwona mwenye majivuno.

Nyimbo hizo tatu zilitungwa filimbi iandamane na piano. Asiye na piano, akikariri sehemu ya filimbi peke yake, amekariri nusu ya mazungumzo: hujibu maswali ambayo msikilizaji hakuyasikia, na katikati hunyamaza akihesabu. Afadhali kwake "Syrinx", wimbo ambao Claude Debussy aliutunga mwaka 1913 kwa filimbi tupu, ili upigwe nyuma ya pazia katika mchezo wa kuigiza. Hauzidi sana dakika tatu, lakini wataka pumzi ndefu na sikio la hadhari. Asubuhi ya Juni juu ya uwanda wa Ufipa filimbi isiyopashwa moto hushuka sauti, na mpigaji aliye peke yake hana chombo cha pili cha kumwonya.

Lakini kwa nini Debussy? Tarehe 10 Desemba 1962, Julius Nyerere alipohutubia Bunge akiwa Rais mpya wa Tanganyika, alisikitika kwamba shuleni watu walifundishwa nyimbo za Wazungu, wala si za Wanyamwezi au Wahehe. Akaunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Tangu hapo ngoma na kwaya zimepata mahali katika mashindano ya shule. Hizo ni kazi za kundi. Mpigaji mmoja na filimbi yake ni shauri gumu zaidi, hasa kwa mwamuzi. Wimbo ulioandikwa una karatasi ya kuupimia, na kila noti iliyogeuzwa ni kosa. Wimbo uliopokewa kwa sikio kutoka kwa mzee hauna karatasi. Aghalabu fundi huugeuza kidogo kila aupigapo, na kugeuza huko ndiko ufundi wenyewe.

Basi mshindani wa Kizwite akichagua wimbo wa namna hii, kukariri kwake kutapimwa kwa kipimo gani? Mimi ningetaka mwamuzi ausikie mara mbili, siku mbili mbalimbali, kabla ya kuandika alama yoyote.