Kinu cha nyuklia huanza kwa mafunzo ya wafanyakazi

Kituo cha umeme wa nyuklia kinapotajwa, wengi humfikiria mwanafizikia mwenye shahada ya uzamifu. Hata hivyo, wataalamu hao ni wachache. Sehemu kubwa ya wafanyakazi ni wahandisi wa umeme na mitambo, mafundi wa vifaa vya kupimia, wachomeleaji vyuma, wanakemia na maafisa wa kuwakinga wenzao dhidi ya mionzi.

Fundi aliyezoea mvuke wa Olkaria hatakuwa mgeni kabisa hapo, maana turbini ya kituo cha nyuklia pia huzungushwa na mvuke. Lakini itambidi ajifunze kufuatilia kiwango cha mionzi inayoupata mwili wake, kufuata maagizo yaliyoandikwa hatua kwa hatua, na kusitisha kazi anaposhuku hitilafu, hata kama mkubwa wake ana haraka.

Kazi yenye masharti makali zaidi ni ya waendeshaji wa kinu. Nchini Marekani, leseni yao hudumu miaka 6, na kila mwaka hutahiniwa upya. Hufanyia mazoezi katika chumba cha kuigiza kinachofanana na kile halisi cha udhibiti, ambamo wakufunzi huzua ajali za kubuni.

Masharti hayo yalitokana na funzo chungu. Mnamo Machi 28, 1979, katika kituo cha Three Mile Island, Pennsylvania, vali moja ilikwama ikiwa wazi na maji ya kupoza kinu yakavuja. Taa ilionyesha tu kwamba amri ya kuifunga vali ilikuwa imetolewa, nao waendeshaji wakaamini imefungwa. Walipunguza maji ya dharura, na karibu nusu ya kiini cha kinu ikayeyuka. Tume iliyoteuliwa na Rais Jimmy Carter ililaumu, miongoni mwa mengine, upungufu wa mafunzo.

Maandalizi ya wafanyakazi huchukua muda. Milki za Kiarabu zilitia saini mkataba na kampuni ya KEPCO ya Korea Kusini mwaka wa 2009 ili kujenga kituo cha Barakah. Kundi la kwanza la waendeshaji raia wa nchi hiyo lilipata leseni mwaka wa 2019, na kinu cha kwanza kikaanza kutoa umeme mwaka wa 2020.

Kenya haina kinu cha umeme wa nyuklia. Hata hivyo, Chuo Kikuu cha Nairobi kina Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nyuklia, na Wakenya kadhaa wamesomea shahada ya uzamili katika chuo cha KINGS, Korea Kusini. Sheria ya Kawi ya 2019 nayo iliunda shirika la NuPEA, ambalo miongoni mwa majukumu yake ni kukuza wataalamu.

Hapo ndipo penye mtihani. Taifa likichelewa kufunza watu wake, litategemea wageni kuendesha na hata kukagua mitambo yake. Likiwafunza mapema bila kuwapa kazi, ujuzi wao utafifia au watahamia ng'ambo. Hospitali zinazotibu saratani kwa mionzi na mamlaka ya kusimamia matumizi ya nyuklia zinaweza kuwaajiri baadhi yao. Mwendeshaji wa kinu, hata hivyo, hukomaa penye kinu.