Mahali pa Kulenga Shabaha katika Majangwa ya Marekani: Historia ya Ruhusa Isiyoandikwa

Jangwa la Sonora, lienealo kusini mwa jimbo la Arizona hata kuvuka mpaka wa Mexico, na jangwa la Mojave lililo kaskazini-magharibi yake, huonekana machoni pa mgeni kama nchi isiyo na mwenyewe. Hapana ua wala shamba, na mara nyingi hapana nyumba hata upeo wa macho. Mtu atokaye mjini Phoenix na bunduki yake, akitaka kujizoeza kulenga shabaha, aweza kudhani kwamba mwendo wa nusu saa kwa gari utamfikisha mahali ambapo hatamdhuru mtu wala hatavunja sheria. Dhana hiyo huwa kweli mahali pamoja, na maili moja mbele humfikisha mahakamani. Mchanga ni ule ule na miiba ni ile ile. Kinachobadilika ni mstari wa ramani, nao mstari huo kwa kawaida hauonekani kwa macho.

Yafaa basi kuchunguza mistari hiyo ilitoka wapi. Uchunguzi wake waonyesha jambo moja la maana: kwa zaidi ya miaka mia moja hapakuwa na sheria ya taifa iliyompa raia haki ya kulenga shabaha katika ardhi hizo. Alifanya hivyo kwa sababu sheria ilinyamaza. Sheria ilipoanza kusema, ruhusa iliyokaa juu ya kimya ilibidi iandikwe au ipotee.

Kwanza maneno yenyewe yataka kuelezwa. Kulenga shabaha hapa maana yake ni kupiga risasi kwenye kitu kisicho na uhai, kwa mazoezi au kwa burudani. Ni mbali na kuwinda, na sheria za Marekani huyatenga mambo hayo mawili. Kuhusu risasi, Kiswahili kimehifadhi ukweli ambao lugha nyingine huuficha, kwa kuwa neno hilo, litokalo katika Kiarabu, ni jina la madini na pia jina la kitu kitokacho katika mtutu wa bunduki. Apigaye risasi jangwani huacha risasi ardhini kwa maana zote mbili. Tena, maneno “ardhi ya umma” yasichukuliwe kwa maana yaliyo nayo katika Tanzania, ambako Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yahesabu ardhi yote ya nchi kuwa ya umma chini ya udhamini wa Rais. Katika Marekani maneno hayo huhusu sehemu tu ya nchi, ile iliyobaki mikononi mwa serikali ya shirikisho baada ya nyingine kuuzwa, kugawiwa au kutengwa.

Mgawanyo huo ulianza mbali sana na jangwa. Mwaka 1785, kabla hata ya katiba ya sasa ya Marekani kuandikwa, Kongresi iliamuru kwamba nchi za magharibi zipimwe katika miraba mikubwa, kila upande maili 6, na kila mraba ugawanywe katika vipande 36 vya maili mraba moja moja, yaani ekari 640. Sheria ya mwaka 1796 iliweka namna ya kuvihesabu: namba moja huanza pembe ya kaskazini-mashariki, hesabu hwenda magharibi, kisha hugeuka na kurudi mashariki, kama ng'ombe alimaye shamba. Utaratibu huo ulibuniwa kwa ajili ya nchi yenye mvua na mashamba. Hata hivyo ulipofika wakati wa Arizona, nchi ambayo Marekani iliipata kutoka Mexico kwa mkataba wa mwaka 1848 na kwa ununuzi uliofuata miaka michache baadaye, wapimaji walileta kanuni ile ile. Walichagua kilima kilicho karibu na makutano ya mito ya Gila na Salt, magharibi ya mahali ulipo mji wa Phoenix, wakakifanya asili ya vipimo vyote, na mwaka 1867 wakaanza kuvuta minyororo yao juu ya mawe na mchanga.

Kipande kilichokwisha kupimwa chaweza kutolewa, na vingi vilitolewa kwa hesabu ya namba tu. Kwa sheria za miaka ya 1860 makampuni ya reli yalipewa vipande vya namba witiri kando ya njia zao, na serikali ikabaki na vile vya namba shufwa. Ndiyo maana ramani ya sehemu kubwa za Mojave na ya kaskazini mwa Arizona ilifanana na ubao wa dama. Shule nazo zilipata fungu lao. Sheria ya mwaka 1910, iliyofungua njia ya Arizona kuwa jimbo kamili mwaka 1912, ililipa jimbo hilo vipande vya namba 2, 16, 32 na 36 katika kila mraba mkubwa, yaani kimoja katika kila vipande tisa, ili mapato yake yasaidie hasa shule. Ingawa mabadilishano ya baadaye yalivikusanya vingi mahali pamoja, jimbo hilo bado lina zaidi ya ekari milioni 9 za amana ya namna hiyo.

Hapa ndipo mtego wa kwanza ulipo. Kwa macho ya kawaida ardhi ya amana ya jimbo ni ya umma, maana yamilikiwa na jimbo na haina ua. Kwa sheria sivyo, kwa kuwa ina wanufaika waliotajwa, na mdhamini hana budi kuwaletea mapato. Kwa hiyo mtu wa kawaida huingia humo kwa kibali. Mwindaji mwenye leseni huruhusiwa kupita akiwinda. Na mlenga shabaha hakuruhusiwa hata akiwa na kibali hicho cha burudani. Mtu mmoja aweza kusimama katika ardhi ya shirikisho, akapiga kwa halali, kisha akafuata kivuli cha mti hatua mia moja na kuwa mkosaji, kwa sababu tu ya namba iliyochaguliwa mwaka 1910 kwa ajili ya kulipia shule.

Vipande ambavyo havikuchukuliwa na reli, shule, wachimba madini wala wakulima ndivyo vilivyobaki. Sheria ya makazi ya mwaka 1862 ilimpa mlowezi ekari 160, lakini ekari 160 bila maji hazilishi mtu. Sheria ya mwaka 1877 iliyohusu ardhi za jangwa ilimruhusu kununua hata ekari 640, kwa sharti la kuzinywesha, wengi walishindwa. Mwaka 1934 Sheria ya Malisho ya Taylor ilikomesha malisho ya holela, ikaleta mipaka na vibali kwa wenye ng'ombe na kondoo. Mwaka 1946 idara ya malisho iliunganishwa na Ofisi Kuu ya Ardhi, iliyokuwapo tangu mwaka 1812, ikazaliwa Idara ya Usimamizi wa Ardhi. Hatimaye sheria kubwa ya mwaka 1976 ilitangaza kwamba ardhi zilizobaki zitakaa mikononi mwa shirikisho na kutumiwa kwa njia nyingi pamoja. Siku hizi idara hiyo husimamia ekari zipatazo milioni 245, nyingi katika nchi kavu za magharibi.

Katika sheria hizo zote mlenga shabaha hakutajwa. Ile ya mwaka 1976 ilitaja uwindaji na uvuvi. Kulenga shabaha kuliingia kimyakimya chini ya neno pana la burudani. Kanuni za idara zilikataza kufyatua bunduki katika viwanja vilivyotengenezwa kwa kupiga hema na kwa mapumziko, zikakataza kuharibu mali na maumbile, na kwingine zikaacha mambo kama yalivyo. Kimya hicho kilitosha maadamu watu walikuwa wachache. Mwaka 1950 Phoenix ilikuwa na watu 107,000 hivi; mwaka 2020 ilihesabiwa kuwa na zaidi ya milioni 1.6, mbali na miji iliyoizunguka. Bonde lililokuwa la mtu mmoja na makopo yake likawa la watu mia kila Jumamosi, na nyuma ya kilima walichokitumia kuzuia risasi pakajengwa nyumba.

Madhara yalionekana. Watu walileta vioo, chupa na televisheni mbovu kuwa shabaha, wakaziacha pale pale pamoja na maganda ya risasi. Mawe yenye michoro iliyochongwa na watu wa kale yalitobolewa. Mpungate mkubwa uitwao saguaro, ambao huweza kuishi zaidi ya miaka 150, ulifanywa shabaha kwa sababu umesimama kama mtu. Mwaka 1982, karibu na ziwa Pleasant, mtu mmoja aliupiga mpungate wa namna hiyo hata tawi lake likamwangukia akafa. Mwezi wa Juni 2012, ukingoni mwa jangwa la Utah karibu na Saratoga Springs, walenga shabaha waliwasha moto uliowahamisha maelfu ya watu, na utafiti wa Idara ya Misitu uliochapishwa mwaka 2013 ulithibitisha kwamba vipande vya risasi vilivyopasuka juu ya chuma au jiwe vyaweza kuwa na moto wa kutosha kuwasha majani makavu.

Dawa ya kwanza ilikuwa kufunga. Mwaka 1994 Kongresi ilihamisha sehemu kubwa ya Mojave ya mashariki kutoka Idara ya Usimamizi wa Ardhi hadi idara ya hifadhi za taifa. Sheria ilihifadhi uwindaji kwa jina lake, hivyo uwindaji ukabaki. Kulenga shabaha hakukutajwa, na kwa kanuni za mwenyeji mpya kukawa marufuku. Mfano huu waonyesha wazi udhaifu wa ruhusa ya kimya: shughuli mbili zilizofanywa kwa bunduki zile zile katika mabonde yale yale ziliachana, kwa kuwa moja ilikuwa imeandikwa na ya pili haikuandikwa.

Mabishano makali zaidi yalikuwa ya Hifadhi ya Kumbukumbu ya Taifa ya Jangwa la Sonora, kusini-magharibi ya Phoenix. Rais Bill Clinton aliitangaza tarehe 17 Januari 2001, kwa kadiri ya ekari 486,000, ili kulinda misitu ya saguaro, mabaki ya watu wa kale na njia aliyopita Juan Bautista de Anza katika miaka ya 1775 na 1776. Idara ilipotengeneza mpango wa hifadhi, uchunguzi wake wenyewe uliona kwamba shabaha na hifadhi hiyo havipatani. Lakini mpango wa mwisho wa mwaka 2012 uliacha eneo lote wazi. Jumuiya za kulinda mazingira na mambo ya kale zilishtaki, na mwaka 2015 mahakama ya shirikisho iliurudisha uamuzi huo, ikiona kwamba haukulingana na uchunguzi uliotangulia. Mwaka 2018 idara iliacha wazi kama sehemu tisa kwa kumi, kesi ikarudi. Baada ya mapatano ya mwaka 2022, rasimu ya mwaka 2023 ilipendekeza kuacha ekari 5,295 tu. Katika miaka kumi na moja, ardhi ile ile ilikuwa wazi yote, kisha wazi sehemu kubwa, kisha ikapendekezwa kufungwa karibu yote. Raia aliyetaka kutii sheria alihitaji kujua mwaka sawasawa na alivyohitaji kujua mahali.

Katikati ya mabishano hayo Kongresi ilivunja kimya. Sheria iliyotiwa sahihi tarehe 12 Machi 2019, yenye jina la mbunge John D. Dingell, ilisema kwamba ardhi za Idara ya Usimamizi wa Ardhi na za Idara ya Misitu ziko wazi kwa uwindaji, uvuvi na shabaha za burudani, isipokuwa zilizofungwa. Atakaye kufunga sharti atangaze na kusikiliza watu, na afunge eneo dogo kabisa kwa muda mfupi kabisa utoshao usalama. Hivyo shughuli iliyoishi bila jina ilipata jina, na pamoja na jina mipaka. Mwaka 2020 idara, ikishirikiana na jimbo, iliidhinisha viwanja vitano kuzunguka Phoenix, mmojawapo ukiwa wa Baldy Mountain, vyenye matuta ya udongo ya kuzuia risasi.

Atafutaye mahali halali leo, basi, husoma historia hii bila kujua. Hufungua ramani ya idara na kutafuta rangi ya njano, ambayo ni ya idara yenyewe. Huikwepa buluu ya jimbo, iliyotoka katika sheria ya 1910, na nyeupe ya watu binafsi, ambayo mara nyingi ilitoka kwa reli. Huuliza ofisi ya mahali kama pana tangazo la kufunga, hupima umbali wa nyumba kwa kanuni za jimbo na wilaya, na mwisho hutazama kama nyuma ya shabaha pana udongo wa kutosha. Swali hilo la mwisho pekee ndilo ambalo jangwa lenyewe laweza kulijibu. Mengine yote yalijibiwa na wapimaji, wabunge na mahakimu, ambao wengi wao hawakuwa na shabaha wala bunduki katika fikira zao, na majibu yao yangali yakimwongoza au kumponza mtu asiyewafahamu.