Shujaa Aliyejishonea Nguo

Mimi ni fundi cherehani, na kilichonifanya nimpende Spider-Man si kupanda kuta. Katika toleo la nne la kitabu chake, la Septemba 1963, kinyago kinamchanikia akipigana na mhalifu Sandman, naye anatimka asije akatambulika. Baadaye tunamkuta chumbani, sindano mkononi, anahangaika kuunga kitambaa. Superman hajawahi kunikosha hivyo.

Stan Lee na mchoraji Steve Ditko walimleta Agosti 1962, katika toleo la 15 la Amazing Fantasy. Lee alisimulia kwamba mwenye kampuni, Martin Goodman, alilikataa wazo hilo: watu wanachukia buibui, na kijana hafai kuwa shujaa, labda msaidizi wake. Hadithi ikapenyezwa kwenye jarida lililokuwa linafungwa. Likauzika mno, na Machi 1963 Peter Parker, kijana aliye nyuma ya kinyago cha Spider-Man, akapewa kitabu chake.

Sasa tazama kinavyoanza. Baba yake mkubwa, Ben, ameshauawa. Mamkubwa May, huko Queens jijini New York, anadaiwa kodi ya nyumba. Kijana anapanda jukwaani kuonyesha vituko vyake kwa ujira, analipwa kwa hundi iliyoandikwa Spider-Man. Benki wanamwomba kitambulisho. Amesimama kaunta na gwanda lake zima la ushujaa, na hela hapati! Mamkubwa anaishia kuweka vito vyake rehani.

Wateja wakisubiri nguo zao nawapa vitabu hivi. Mzee mmoja aliyekuja amenuna, katoka kuzungushwa madirisha kwa sababu ya karatasi ya pensheni, alipofika ukurasa wa benki alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akatusimulia yake yote, na duka zima likacheka naye. Pensheni haikutoka siku hiyo, lakini uso ulikuwa mwingine.

Kitabu ninachokificha wasikichakaze ni cha 33, cha Februari 1966. Peter kabanwa chini ya mtambo wa chuma, maji yanapanda, na dawa ya mamkubwa aliye hoi hospitalini iko mbele yake, mkono haufiki. Ditko anamkokota kurasa kadhaa, msuli kwa msuli, mpaka chuma kinanyanyuka. Wengine wangefunga hadithi hapo. Peter dawa anaifikisha, halafu anakwenda ofisini kwa Jameson, mwenye gazeti anayemuuzia picha, uso umejaa michubuko, kudai picha zake zilipwe bei ya maana.