Mto Ruzizi: unatoka wapi, unatusaidia nini

Kwa wengi wetu hapa Bukavu, Ruzizi ni jina la mpaka tu. Ruzizi ya kwanza, Ruzizi ya pili, pale wamama wachuuzi wanapovuka kila asubuhi kwenda Kamembe na kurudi. Lakini mitambo ya umeme nayo inaitwa Ruzizi ya kwanza na ya pili, kwa hiyo mgeni anachanganyikiwa haraka.

Mto unatoka ziwa Kivu, hapa hapa mjini, kwenye urefu wa mita karibu 1.460 juu ya bahari. Unatutenga na Rwanda hadi upande wa Kamanyola, kisha na Burundi, na unaingia ziwa Tanganyika kati ya Uvira na Bujumbura, mita 770 hivi. Safari ni kilomita karibu 120. Mteremko mkali uko huku juu. Kuanzia Kamanyola mto unatulia, na ndiyo bonde tunalolijua: muchele, mihogo na ng'ombe, Luvungi, Sange, mpaka miwa ya Kiliba. Huko chini kuna viboko na mamba.

Zamani sana maji ya Kivu yalikwenda kaskazini, upande wa Nile. Volkano za Virunga zikafunga njia. Wazungu pia walibishana kama Ruzizi inaingia Tanganyika au inatoka. Livingstone na Stanley walifika kuangalia mwaka 1871, wakakuta inaingia. Wavuvi wa pale walijua tayari.

Mtambo wa Ruzizi ya kwanza ulianza mwaka 1958, nguvu yake karibu megawati 30. Ruzizi ya pili, karibu megawati 44, ni ya mwaka 1989, na inaongozwa na SINELAC, shirika la Kongo, Rwanda na Burundi pamoja. Ya tatu, ya megawati 206, ingali mradi.

Sasa tuseme ukweli juu ya uchafu. Chupa na masashe tunayotupa kwenye mifereji ya Kadutu, mvua inayashusha mpaka ziwani. Ziwa Kivu halina mlango mwingine wa kutokea isipokuwa Ruzizi. Kwa hiyo yote yanakuja kurundikana mbele ya mtambo wa kwanza, ambako wafanyakazi wanayaopoa. Yakipita na kuingia kwenye mashine, mashine inasimama, na giza linaingia Bukavu, wakati mwingine mpaka Goma. Chupa yenyewe pengine ilitoka avenue yako.